Milamula Tuliyompandia Shemeji

Ninyi vijana wa Nyakatuntu mnaopita hapa kwangu mmeinamia simu na kunitupia shikamoo bila kusimama, haya nimewaandikia ninyi. Kaeni chini. Sitaki huruma yenu, sina pa kuiweka. Naandika kwa sababu Kokubanza amekufa, na kwa sababu siku tuliyomzika, watu wakiwa bado wanakula, nilimsikia mmoja wenu akiwaeleza wenzake kwamba wanawake wa zamani waliokuwa wakiosha madini ya bati pale kijitoni walikuwa wavamizi, walichimba kiholela, na kwamba utaratibu ulikuja na leseni. Wavamizi! Alikuwa anatafuna ndizi zilizopikwa msibani kwa Kokubanza, mafuta yanamtiririka kwenye vidole, huku anamwita marehemu mvamizi. Bibi yake mzaa mama alikuwa anainama majini pamoja nasi, mgongo kwa mgongo. Nilinyamaza kwa heshima ya msiba. Sasa udongo umekauka juu ya kaburi, na mimi sinyamazi tena.

Habari za kuzaliwa kwangu Ihembe na jinsi nilivyoolewa huku mtaziuliza kwa wengine. Mimi nataka mjue mwaka mmoja tu, mwaka wa leseni, nikiwa bado na nguvu za kubeba karai limejaa mchanga kutoka ukingoni hadi majini mara nyingi kwa asubuhi moja bila kupumzika. Kijito mnakijua, ingawa hivi sasa kimegeuka tope. Kinatoka chini ya kilima, kinapita kwenye mashimo ambayo wazungu waliyaacha zamani, halafu kinajikunja mbele ya jiwe kubwa tulilolipa jina la Ng'ombe kwa sababu ya mgongo wake. Wanaume walichimba huko juu kilimani, kwenye mashimo marefu. Kuanzia Ng'ombe hadi kwenye kona palikuwa petu, wanawake kumi na mmoja. Tulichukua changarawe ya ukingoni, tukaitia kwenye karai, tukaizungusha majini mpaka mchanga mwepesi ukatoka wote, na chini ikabaki bati, punje nyeusi, nzito, zimelala kama ulezi uliolowa. Ndiyo iliyonivalishia watoto na kuezeka nyumba hii.

Na utaratibu tulikuwa nao. Nasema tena kwa yule aliyekuwa anatafuna: tulikuwa nao. Mwenye mimba au mwenye mtoto mgongoni alikaa juu kabisa, karibu na Ng'ombe, penye maji safi. Sisi wengine tulipokezana, aliyekuwa juu leo kesho anashuka, ili tope la mmoja lisimwangukie mwenzake kila siku. Shimo la ukingoni likifika kiunoni liliachwa na kufukiwa, kwa sababu ukingo uliwahi kumporomokea mwenzetu akavunjika mguu. Mgeni akija hakufukuzwa, alipewa nafasi ya mwisho na mtu wa kumfundisha. Anayeleta ugomvi alikaa nyumbani siku tatu, awe mke wa nani. Mchana tulikaa juu ya Ng'ombe tukala viazi vitamu vya baridi na maharage, na Kokubanza akatuchekesha mpaka maharage yakatupalia. Kokubanza alikuwa na ulimi. Hakukanyaga darasa hata siku moja, lakini mtu akipita mbele yake, akishapita ameshapewa jina.

Basi mvua za vuli zilipoanza akaja bwana wa madini, kijana msafi, na viatu vyeusi vinavyong'aa. Mkutano ulifanyika mbele ya ofisi ya kijiji. Alikuwa anaruka madimbwi, na Kokubanza akaniinamia sikioni: "Mtazame anavyonyanyua miguu, kama kuku aliyefungwa kitambaa ili asipotee." Nikaziba mdomo kwa kanga. Lakini alipoanza kusema tuliacha kucheka. Alisema, "Kina mama, kina baba, kuanzia sasa asiye na leseni ni mvamizi. Lakini msiogope. Leseni ndogo ni haki ya kila Mtanzania, hata mama mwenye karai. Undeni kikundi, jazeni fomu, wekeni alama kwenye pembe zenu, mimi nitakuja kupima." Nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Msije mkasema bibi yenu aliikataa sheria. Niliitaka ile leseni kuliko wote. Nilikuwa nimechoka kukimbia na bati kichwani kila nilipoona gari la askari, nimechoka kuambiwa na kila mwanamume anayeshuka kilimani kwamba tumpishe. Niliwaza, siku moja nitamwonyesha mtu karatasi, yeye ndiye atakayenipisha.

Tulipokaa juu ya Ng'ombe kuzungumza juu ya fomu, Kokubanza alisema, "Yustina si amesoma? Aijaze yeye." Ni kweli, nilifika darasa la nne. Nilijua kusoma polepole, kidole chini ya neno. Nilijua kuandika jina langu na majina ya watoto. Lakini herufi zangu zililala huku na huku kama migomba baada ya upepo, na niliona aibu kumpelekea yule kijana wa viatu vyeusi. Nikasema, mimi kwa mdomo wangu huu, "Tumpe shemeji yangu Leonidas. Yeye anaandika mwandiko wa kuunganisha." Leonidas ni mdogo wake marehemu mume wangu. Alikuwa katibu wa chama cha kahawa, na watu wote walimwita Katibu, hata kanisani. Wenzangu walikubali mara moja. Kokubanza tu ndiye aliyeuliza, "Katibu na bati wapi na wapi? Mikono yake haijawahi hata kushika jembe." Nikamjibu kwa ukali kwamba huyo ni ndugu wa mume wangu, atawezaje kutudhuru? Hayo ndiyo maneno yangu. Nayajua yalivyo kwa sababu nimekuwa nikiyasikia tangu siku ile.

Sasa nisikilizeni vizuri kuhusu milamula, kwa sababu ninyi siku hizi mnaupita mmea huu mkidhani ni pambo. Kwetu mlamula ni neno la mwisho. Watu wawili wakigombania mpaka wa kibanja, shamba la migomba, wazee wanakuja, mlamula unapandwa, rubisi kidogo, pombe yetu ya ndizi, inamwagwa pale shinani, na ugomvi umekwisha. Hakuna anayeung'oa. Anayeng'oa mlamula hata ndugu zake wanamwogopa, maana aliyeweza hilo ataweza lolote. Kwa hiyo bwana wa madini aliposema tuweke alama kwenye pembe, hatukuulizana mara mbili. Kokubanza alikata vipandikizi kwenye kibanja chake, vinene, vyenye macho mazuri, akavibeba begani kama mtu anayepeleka kuni kwa mkwe. Tulitaka kufuata kijito kinavyojikunja, lakini Leonidas alikuja na mwavuli wake akasimama ukingoni. "Hapana, shemeji," akaniambia, "wakubwa hawapendi mipaka iliyopinda. Nyosheni. Pembe nne. Na msiogope kupanda juu kidogo kuelekea kilimani, ombeni kubwa." Tukasokota kamba ya magome ya migomba, ndefu, tukaivuta kutoka pembe hadi pembe, tukaumba mraba ulionyooka kama meza. Mlamula mmoja tuliung'oa siku ileile kabla haujashika tukausogeza, ili Katibu aridhike. Tukamwaga rubisi kwenye kila shina. Tukawaita binti zetu, tukawafinya masikio kwenye kila pembe ili wasisahau mahali. Binti wa Kokubanza alilia, mama yake akamwambia, "Lia vizuri, ndiyo sahihi yako hiyo."

Siku ya kupima mvua ilikuwa ya manyunyu. Bwana wa madini alikuja na kidude kidogo cha mkononi kinachozungumza na satelaiti, hivyo ndivyo alivyotueleza, na Kokubanza akakata jani la mgomba akatembea nyuma yake akilishikilia juu ya kile kidude kisilowe. Kutoka mlamula hadi mlamula, mkono umemwuma, hakulishusha. Leonidas alikuwa mbele anaonyesha njia. Baadaye walikuja kula kwangu. Niliwatandikia chumba cha mbele, nikawapelekea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo kama mgeni anavyostahili, tukapika ndizi na kuku, mimi na Kokubanza. Jiko lilikuwa limegusana na ukuta wa chumba, na ukuta wa fito na udongo hauzuii maneno. Nilikuwa namenya ndizi za kuongeza nikamsikia yule kijana akisema, "Pembe safi sana hizi. Nani aliwaelekeza?"

Shemeji akajibu, "Wamejipandia wenyewe. Mimi nilikuwa nafuata tu."

"Basi kazi yako imekwisha kabla hujaianza."

Wakacheka, kicheko cha watu walioshiba. Na mimi jikoni, kisu mkononi, nikacheka nao. Nilimwambia Kokubanza, "Unasikia? Wanatusifu." Kokubanza alikuwa anapuliza moto. Akainua uso na macho yake mekundu kwa moshi akasema, "Mtu akinisifu kwa kicheko cha namna hiyo, mimi huenda kuhesabu kuku wangu." Nikamwambia aache maneno, chumvi imekolea? Mpaka leo sijui kama yule kijana alielewa alichokuwa anakichekea, au alidhani Leonidas ni mtu wetu kweli. Hilo Mungu analo. La Leonidas ninalo mimi.

Wiki iliyofuata tuliitwa nyumbani kwake kuweka dole. Nakikumbuka kile chumba kuliko chumba nilichojifungulia. Sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, viti vya mito vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma, saa ya ukutani isiyotembea, picha yake mwenyewe akiwa amesimama na magunia ya kahawa. Tuliacha kandambili mlangoni kwa sababu ya tope. Hakuna aliyetukataza viti, lakini tuliketi kwenye mkeka, kumi na mmoja, kwa hofu ya kuchafua vile vitambaa. Mke wake alileta chai ya maziwa na mkate uliopakwa siagi. Leonidas akakaa kwenye kiti, akavaa miwani, akasoma: "Sisi wanakikundi tuliotajwa hapa chini, kwa hiari yetu, tunamteua ndugu Leonidas kuwa msimamizi wetu katika maombi haya." Akasoma na mengine machache ya namna hiyo, kwa sauti ya kanisani. Kisha akaigeuza karatasi ikalala kifudifudi, akasukuma kidau cha wino mbele. Nilikuwa karibu na dirisha. Nilipoinua kichwa niliona kwamba ule upande wa pili ulikuwa umejaa maandishi, mistari imesongamana. Niliuona. Andikeni hilo mahali: niliuona.

Kokubanza naye aliuona. Hakujua hata a, lakini wino aliujua. Akauliza, "Katibu, na huku nyuma kuna nini?"

"Sheria tu, mama," akasema Leonidas. "Maneno ya sheria yako vilevile kwenye kila fomu. Nikiyasoma yote tutalala hapa."

"Si tulale," akasema Kokubanza. "Chai ipo."

Wanawake wakacheka. Leonidas hakucheka. Akanitazama mimi, shemeji yake, kama mtu anayesema mtulize huyu rafiki yako. Na mimi nikaona aibu, mbele ya vile vitambaa, mbele ya mkate wa siagi. Ningeweza kusema, lete, mimi nitasoma, polepole, kidole chini ya neno, mpaka kesho. Badala yake nikasema, "Weka dole, Koku. Mvua inakuja." Akaniangalia kidogo. Akaweka dole. Mimi nikafuata. Nilijua kuandika jina langu na bado niliweka dole, ili Leonidas asione herufi zangu.

Tulingoja. Vuli ikaisha, tukavuna maharage, masika ikaja. Kila nilipomwuliza shemeji alisema leseni iko njiani, mambo ya wakubwa hayaendi mbio. Sisi tuliendelea kuosha kwa zamu zetu. Kiangazi kilipofunguka mimi na Kokubanza tukapeleka bati kwa Bwana Hamadi, mfanyabiashara wa pale Isingiro, Mwislamu ambaye babu yake alitokea Tanga, mtu wa maneno laini na mizani isiyosema uongo. Alikuwa na duka la kanga na sukari mbele na chumba cha kununulia bati nyuma. Tulitua makopo yetu. Hakuyagusa.

"Mama Projesti," akaniambia, "nisamehe. Siku hizi nanunua kwa mwenye leseni tu. Nikichukua kwenu nafungwa mimi."

Nikamwambia, kwa kiburi kabisa, "Leseni tunayo. Ya kikundi chetu, pale kwenye jiwe."

Bwana Hamadi akafungua mtoto wa meza akatoa nakala ambayo Leonidas alikuwa amempelekea siku chache nyuma, ili atambulike kama muuzaji. Aliisoma yote, hakuruka neno. Mmiliki alikuwa mtu mmoja, Leonidas. Nikamwambia asome tena, pengine majina yetu yako chini. "Mama, nimeisoma mbele nikaisoma nyuma. Wallahi hakuna kikundi humu." Kokubanza akauliza kama mipaka imeandikwa. Bwana Hamadi akamwonyesha mchoro mdogo, mraba wenye nukta nne. Kokubanza akaweka kidole chake kilichopasuka kwenye nukta ya kwanza. "Huu ni ule wa karibu na Ng'ombe," akasema. Akasogeza kidole. "Huu ni wa kona. Huu tulioung'oa tukausogeza. Huu ndio binti yangu alilia." Halafu akaniambia kwa Kinyambo, lugha yetu, ili Bwana Hamadi asisikie, ingawa alikuwa anakijua vizuri kutushinda, kwamba tumempandia mipaka yake kwa mikono yetu, na rubisi tukamwaga.

Bwana Hamadi akatuletea maji ya kunywa. Akauliza kwa upole, "Mliweka dole kwenye nini?" Tukabeba makopo yetu tukatoka.

Tuliporudi tulikuta kibao kimesimikwa penye mlamula wa kwanza. Wenzetu wamekizunguka na makarai yao, hakuna anayejua kinasema nini. Wakaniangalia. Basi siku hiyo, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikasoma mbele ya watu. Nilisoma polepole, kidole chini ya neno: eneo la leseni, hairuhusiwi kuingia, atakayeingia ni mvamizi. Kokubanza akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. "Sasa unaweza?" akaniuliza. Hakusema kwa kupiga kelele. Afadhali angenipiga na karai.

Tulikwenda ofisi ya kijiji. Mwenyekiti akatoa nakala ya karatasi yetu, akatuonyesha madole yetu kumi na moja, mekundu, kila moja na mistari yake. Upande wa nyuma uliandikwa kwamba tunamkabidhi haki zote za eneo, sasa na baadaye, na hatutadai kitu. "Mimi nitafanyaje, kina mama?" akasema. "Hakuna aliyewashika mikono." Tukaenda kwa Leonidas mwenyewe. Safari hii sikuvua kandambili. Alikuwa anakula, hakuacha kula. Akaniambia, "Shemeji, punguza hasira. Mngeweza kulipia kila mwaka? Mngeweza kwenda na kurudi mjini kwenye ofisi za watu? Nisingeichukua mimi angeichukua mtu wa mbali, asiyewajua hata majina. Nimewaokoa. Na kazi mtaendelea kufanya, nani amewafukuza? Mtakuja kuosha, nitawalipa." Alikuwa anaamini anachosema. Hilo ndilo lililonichoma. Mwizi anayejificha unaweza kumwonea hata huruma, lakini huyu alitaka tumshukuru.

Kesho yake asubuhi nilimwona Kokubanza anakwenda kijitoni na jembe. Nikamfuata. Alisimama mbele ya ule mlamula wa kona, ulikuwa umeshashika, umetoa majani mapya. Aliinua jembe. Akalishusha taratibu, akaketi juu ya mpini. "Siwezi," akasema. "Nikiung'oa, mimi ndiye nitakayeitwa mng'oa mlamula, mimi na watoto wangu. Yeye hakung'oa kitu." Mnaona jinsi tulivyofungwa? Desturi yetu ilitushika sisi na kumwachia yeye. Sheria yake ilimshika yeye mkono na kututupa sisi. Tulisimama katikati tukiwa tumeheshimu vyote viwili. Kisha mnasema hatukuwa na utaratibu.

Mimi sikurudi kuosha. Kokubanza alirudi, hakuwa na kahawa ya kutosha kama sisi, na alikuwa na mimba iliyokwisha kuonekana. Msimamizi aliyewekwa alikuwa mgeni kutoka mbali, hakujua lolote juu ya Ng'ombe na maji safi. Alimweka Kokubanza mwisho wa mstari, penye tope la wote, kwa sababu alikuwa mzito na anapunguza mwendo. Mashimo ya ukingoni yalipita kiuno, yakapita kichwa, hakuna aliyefukia. Huo ndio utaratibu uliokuja na leseni. Na jioni zangu za mwaka ule zote nilikaa na madaftari ya watoto wangu, nikasoma kila kilichoandikwa mbele na nyuma, masomo ya mimea, ya hesabu, ya nini sijui, mpaka kidole hakihitajiki tena. Nilifanya hivyo kwa hasira. Sikuwa na nguvu nyingine ya kusomea.

Kokubanza hakunilaumu. Tumeishi jirani miaka yote hii, tumezaa, tumezika, tumekula senene kwenye bakuli moja, na hakuwahi kunitamkia lile neno la mvua inakuja. Lakini kila karatasi aliyopewa, ya kliniki, ya mchango wa kanisa, hata karatasi ya kufungia sabuni, aliigeuza kwanza nyuma. Hakujua kusoma mbele wala nyuma. Aliigeuza tu, akaitazama, kisha akanitazama mimi. Alifanya hivyo mpaka wiki aliyokufa, daktari alipompa cheti cha dawa. Mimi nikawa namsomea, nyuma na mbele, na yeye anatikisa kichwa.

Sasa ya juzi. Matanga yake hayajafika hata siku nne, Leonidas akaja hapa. Amezeeka, anatembea na fimbo, lakini shati limepigwa pasi. Nilikuwa jikoni naipua ndizi, nikasikia sauti yake chumba cha mbele, anazungumza na mwanangu Projesti. Jiko langu bado limegusana na ukuta ule, sikutaka kulihamisha. "Ni idhini tu, mwanangu," alikuwa anasema. "Mwamba wa bati umepita chini ya kibanja chenu, na leseni yangu inafika mpaka hapa. Siku hizi sheria inataka mwenye ardhi akubali kwa maandishi, mambo ya taratibu. Hapa chini tu." Sheria inataka mwenye ardhi akubali! Imechelewa kidogo kujifunza adabu, lakini karibu. Projesti akasema, "Mama yupo jikoni, lakini haina shida, baba mdogo." Nikasikia kidau cha wino kinawekwa mezani. Naujua ule mlio wa kidau kwenye mbao.

Mume wangu amezikwa kwenye kibanja hiki, hatua chache kutoka mlangoni, chini ya migomba aliyoipanda. Nikaingia na sufuria mkononi, inatoka mvuke. Leonidas akainua uso. "Shikamoo, shemeji," akasema, mtu aliyenizidi umri kwa mwaka mzima. Projesti alikuwa ameshavuta kiti, dole lake limeshakuwa jekundu. "Mama," akaanza, "ni baba mdogo tu huyu." Nikatazama mezani. Dirisha lilikuwa wazi, mwanga unapita kwenye karatasi, na nikaona mistari imesongamana kwa chini, upande ule ambao haukutazama juu. Kikapu cha kahawa ya kutafuna kilikuwa kwenye rafu. Sikukigusa. Niliweka sufuria sakafuni, katikati ya chumba, pale ambapo kila mtu angelazimika kuiruka ili atoke.

Nikasema, na nyumba nzima ikasikia: "Projesti, nenda kanawe hilo dole, usiguse kitu mpaka limekuwa jeupe. Mlango uwe wazi, jirani yeyote anayepita aingie aketi. Shemeji, wewe kaa hapo hapo, leo hutalala njaa, lakini hakuna atakayeonja ndizi hizi mpaka karatasi imesomwa yote kwa sauti. Editha, mjukuu wangu, zima simu, njoo hapa dirishani penye mwanga. Igeuze hiyo karatasi. Anza na upande wa nyuma."